Kitufe Nilichokizima Karibu na Ikutha

Salama, Jumapili jioni

Kalekye mwaitu,

Kesho unaondoka kwenda kazi yako ya udereva Marsabit, na mama yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, za neti, za kupiga simu kila Jumamosi, na za kutokubali kulala chumba ambacho mlango wake haufungiki. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza Alhamisi tukiwa chini ya lile pikapu la kijani. Ulisema, "Baba, ukiambiwa uchague moja tu, difu ya LSD ama ya loka, ungechukua gani?" Nikakujibu, "Inategemea dereva," kisha nikajifanya natafuta spana. Uliniangalia. Ulijua nimekukimbia.

Nilikukimbia kwa sababu jibu langu lina mtu ndani yake, na mtu huyo ni Kioko, unayemwita anko tangu ukiwa mdogo. Wewe unajua tu kwamba mimi na yeye tuna gereji pamoja, yeye akiwa fundi na mimi nikiwa dereva wa kujaribu magari na kuwafundisha wenye nayo kuyatumia. Hujui tulifikaje hapo. Jana nilimwomba ruhusa nikuambie. Akasema, "Mwambie yote. Usijipunguzie, lakini pia usijiongezee. Wewe ukianza kujilaumu huwa unanogewa." Kwa hiyo nitajaribu kusema kama ilivyokuwa.

Kabla hujazaliwa nilikuwa dereva wa mradi mmoja wa maji, ofisi zake zikiwa Kitui mjini. Tulipeleka pampu na mabomba sehemu za kusini, kule ambako barabara ni ya mtu anayeijua. Gari langu la kwanza pale lilikuwa na difu ya kawaida, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili. Siku moja gurudumu la nyuma la kushoto lilizama kwenye mchanga wa mto, la kulia likabaki juu ya mwamba mkavu. Nikakanyaga mafuta. La kushoto lilizunguka kama jiwe la kusagia, la kulia likasimama tu. Nilishuka nikaamini kuna kitu kimekatika. Kioko, aliyekuwa fundi wa mradi, akaja na kamba na gari lingine. Akapiga magoti akalichungulia, akacheka.

"Haijakatika kitu," akasema. "Hii difu ndivyo ilivyo. Nguvu yote inaenda kwa yule anateleza. Mwenye kufanya kazi haongezewi chochote."

Ndiyo siku niliyoanza kumpenda. Alikuwa na umri kama wangu, mwembamba, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kunifanya nijione mjinga.

Mwaka uliofuata mradi ulipata magari mawili mapya. Moja lilikuwa na LSD nyuma, difu inayojibana yenyewe. Kioko alinichorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti: ndani mna sahani zinazobanana, gurudumu moja likianza kuteleza sahani zinashika, na nguvu kidogo inavuka upande wa pili. Dereva habonyezi kitu. La pili lilikuwa na loka, kifaa cha kufunga difu. Hilo lilikuwa na kitufe kwenye dashibodi na taa ndogo ya rangi ya chungwa. Ukibonyeza, magurudumu yote mawili ya nyuma yanafungwa pamoja yazunguke kama kitu kimoja. Hata moja likiwa hewani, lingine litasukuma.

Mimi nilitaka la loka. Nililitaka kama mtoto anavyotaka kitu dukani. Kioko alimwambia injinia wetu, Injinia Wanza, mbele yangu, "Huyu mpe ile ya LSD. Mutinda anaendesha vizuri, lakini anasahau." Nilikasirika. Nilimwambia injinia kwamba mimi ndiye ninayekwenda mbali zaidi kuliko wote, na kwamba fundi hajui barabara. Injinia akanipa funguo za lile la loka.

Sasa siku yenyewe. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi sita. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima, kisha zikakatika. Nilikuwa napeleka pampu kwenye kisima kimoja mbele ya Ikutha, mahali ambapo pampu ya zamani ilikuwa imekufa na watu walikuwa wakichimba mchanga wa mto kutafuta maji. Nilikuwa peke yangu. Nilipofika mtoni, ukingo wa pili ulikuwa umemomonyoka, matope matupu, na lori la mbuzi lilikuwa limekwama kando. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama wakitazama.

Nilifanya kila kitu sawasawa, Kalekye. Nilisimama kabisa, nikabonyeza kitufe, nikasubiri taa iwake, nikaingia polepole bila kuongeza mafuta kwa pupa. Gari lilipanda ule ukingo kama linapanda ngazi. Gurudumu moja lilinyanyuka, nikaona udongo ukiporomoka kwenye kioo cha pembeni, na gari likaendelea tu. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja mwenye lori alinipungia kofia. Sijui kama umewahi kupigiwa makofi na watu usiowajua. Mimi ilikuwa mara ya kwanza, na yalinijaa kichwani.

Nikaondoka na yale makofi. Kitufe nikakisahau.

Kutoka pale barabara ilikuwa ngumu na kavu, mawe na udongo wa murram, kona baada ya kona. Unajua kinachotokea. Kwenye kona gurudumu la nje linataka kwenda mbali zaidi kuliko la ndani, na loka haliruhusu. Usukani ulikuwa mzito. Matairi yalikuwa yakilalamika. Taa ya chungwa ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikimtungia mama yako hadithi ya namna nilivyovuka mto. Kwenye kona moja yenye mwamba, nikiwa na mzigo wote ule nyuma, nikasikia mlio kama wa gogo kavu likivunjwa. Gari likasimama. Shafti ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekatika.

Niliona ile taa wakati huo. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa na simu, na juu ya kilima kimoja kulikuwa na mtandao. Nikapanda nikampigia injinia, nikarudi nikakaa garini. Walichukua karibu saa nne kufika. Katika saa hizo nne nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwa mtu mwema, na nilifikiria sana. Nilipoona vumbi la gari lao likija, nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe. Kilitoa sauti ndogo sana. Taa ikazimika.

Injinia Wanza alishuka, na Kioko nyuma yake. Kioko hakunisalimia hata; aliingia chini ya gari moja kwa moja. Injinia akaniuliza, "Mutinda, difu ilikuwa imefungwa?"

"Hapana, injinia. Niliifungua palepale mtoni."

"Ni nani alifungua hii ekseli mara ya mwisho?"

Kioko akajibu akiwa chini. "Ni mimi. Wiki iliyopita. Nilibadilisha beringi." Kisha akatoka, akakaa juu ya jiwe, akageuza mikono yake akaitazama, upande huu na upande huu.

Hakujitetea. Nilidhani atanitazama, nilijiandaa kwa hilo, lakini hakunitazama. Mwisho wa wiki ile aliachishwa kazi.

Pampu ilifika kisimani siku ya nne, na mimi ndiye niliyeipeleka, kwa lile gari la LSD. Mama mmoja aliyekuwa akitunza ufunguo wa kisima alinipa chai na mihogo ya kuchemsha. Akasema, "Tumesikia ni fundi wenu alikosea. Mungu amsamehe, sote tunakosea." Niliinywa ile chai yote. Bado naikumbuka ladha yake, ilikuwa na tangawizi nyingi.

Wewe ukazaliwa. Tukakupa jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama. Nilifurahi sana miaka ile, sitasema uongo. Mtu anaweza kubeba jambo kama hilo na bado acheke, ale, aimbe kanisani. Ila nilikuwa nimebadilika barabarani. Sikubonyeza tena kitufe kile. Nilizunguka kilomita nyingi kuepuka vivuko, nikisema ni tahadhari.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Siku moja nilikuwa natoka Mombasa na vipuri vya mradi, na nilipokaribia Salama gari likaanza kuchemka. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Nikaona gereji ya mabati kando ya barabara nikaingia. Aliyetoka ndani akijifuta mikono alikuwa Kioko.

Alinisalimia vizuri. Aliuliza habari za mke wangu, akauliza ni mtoto gani nilipata, akasema, "Msichana, vizuri, atakuwa na jina la nyanya yake." Akaniletea stuli nikae. Akaanza kufanya kazi. Nikagundua kwamba kila boliti aliyoikaza aliichora mstari kwa chaki, kisha akairudia, kisha akairudia tena. Mteja mwingine aliyekuwa akisubiri lori lake akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu fundi ni mzuri, lakini anakawia. Boliti moja mara tatu."

Nikamuuliza, "Kioko, chaki ni ya nini?"

Akajibu bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa. "Tangu ile shafti ya Ikutha siamini mkono wangu. Nimefikiria ile beringi mpaka nimechoka. Sijui nilikosea wapi. Labda nilikaza zaidi. Labda niliacha uchafu ndani. Wewe hukusikia mlio wowote kabla ikatike?"

Mwaitu, sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimejiambia kwamba yule mtu alipoteza kazi akapata nyingine, na mambo yakaisha. Sikujua kwamba nilimwachia mzigo ule na kwamba alikuwa akiubeba kila siku, boliti kwa boliti. Nikasema, "Difu ilikuwa imefungwa."

Alisimama.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka mtoni."

"Na ile taa?"

"Ilikuwa inawaka. Niliizima nilipoona vumbi lenu."

Alirudi akaikaza klipu ya paipu, akaijaza rejeta maji, akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili. "Gari iko sawa," akasema. "Enda. Na usirudi hapa mpaka nikuite."

Nilimwambia mama yako siku hiyohiyo. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Mwishowe akasema, "Kesho ni Jumatatu. Injinia anaingia ofisini saa ngapi?"

Injinia Wanza alinisikiliza mpaka mwisho. Alininyooshea mkono, nami nikaweka funguo kwenye kiganja chake, na hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya mwisho pale. Baadaye nilisikia kwamba aliendesha mwenyewe mpaka Salama akamwomba Kioko msamaha, akamwambia arudi. Kioko alimshukuru, akasema hapana, hapa nimeshajenga.

Sisi tukahamia kwa baba yangu, mahali panapoitwa Kwa Vonza. Nililima ndengu na kunde, nikachunga mbuzi wake. Watu walidhani nina huzuni, na mama yako pia alidhani hivyo, lakini nililala vizuri kuliko miaka yote mitatu. Ulikuwa unanifuata shambani ukinipokonya jembe.

Baada ya miezi saba simu ikalia. "Mutinda," akasema Kioko, bila salamu. "Kuna mtu ameleta gari hapa anataka nimwekee loka. Kuweka naweza. Lakini anahitaji mtu wa kumfundisha kuitumia, na zaidi kuizima. Nikafikiri, ni nani ameisomea hiyo kazi kuliko wewe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mtaro wa ndengu. Yeye hakucheka, lakini hakukata simu.

Hatukuwa marafiki mara moja. Mwaka wa kwanza aliniita "dereva". Alikuwa akikagua nyuma yangu kila kitu nilichogusa, na nilimwacha. Sikumbuki ni lini aliacha. Siku moja tu niliona kwamba kipande cha chaki hakipo tena kwenye mfuko wa ovaroli lake, nikaona nisiulize.

Basi hapo ndipo ulipokulia. Ulijifunza kusoma kwenye makopo ya mafuta.

Narudi kwenye swali lako. Kwa miaka mingi wateja wakiniuliza nilisema LSD, bila kufikiri. Nilidhani ni busara. Ulikuwa woga, nilitaka kila mtu aendeshe kitu kisicho na kitufe cha kusahau. Na LSD ni nzuri, sitaisema vibaya. Kwenye murram yenye changarawe na mvua ya rasharasha, inafanya kazi yake bila kukuuliza, na usukani unabaki mwepesi. Lakini ina mwisho wake. Gurudumu likinyanyuka kabisa, zile sahani hazina cha kushindana nacho, na zikishazeeka ndiyo basi.

Unakumbuka mwezi uliopita kule Mbooni, tukiwa na gari la LSD kwenye ile njia ya udongo mwekundu. Gurudumu la kulia lilikuwa hewani, la kushoto limekataa, na mimi nilikuwa nimeshika kile kishikio cha juu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa tayari kukuambia tushuke tukatafute mawe. Wewe ukavuta hendibreki kidogo tu, kama mtu anayemshika mtoto bega, lile gurudumu la hewani likapata cha kulizuia, na nguvu ikavuka upande wa pili. Gari likapanda. Hukunitazama uone kama nimefurahi. Uliachia hendibreki ukaendelea kuongea habari ya harusi ya binamu yako. Nilifurahi, Kalekye. Nilifurahi nikasahau kuachia kile kishikio mpaka tukafika lami.

Umesema madaktari wa mifugo wa Marsabit watakupa gari lenye loka. Utalihitaji. Lifunge kabla hujakwama. Ukishazama ni kuchelewa. Likiwa limefungwa usitegemee litakata kona, na kwenye mteremko wa ubavuni wenye utelezi ujue magurudumu yote mawili yanaweza kuteleza pamoja na kukupeleka bondeni ukiwa umenyooka kama sanamu. LSD pia inaweza kukufanyia hivyo. Shuka utembee kwa miguu kwanza. Hili lote unalijua, na Kioko anasema mkono wako ni mwepesi kuliko wangu.

Kwa hiyo jibu ni loka. Leo ningechagua loka. Linataka mtu anayekumbuka alichobonyeza, na zamani sikuwa mtu huyo. Siku hizi hata nikiwa kwenye gari lisilo nalo, nikitoka mahali pabaya nasema kwa sauti, "Nimefungua." Umenisikia mara nyingi ukadhani ni uzee.

Na utakosea huko. Sikuombei ukosee, ila najua barabara. Utakapovunja kitu, kutakuwa na muda kidogo kabla vumbi la wakubwa halijaonekana, na mkono wako utakuwa karibu sana na dashibodi. Mimi siku ile nilihitaji maneno matatu tu. Yalipochelewa yakanidai miaka mitatu, na zaidi ya yote yakamdai mtu mwingine. Hayo ndiyo niliyotaka uyabebe. Ukipoteza kazi kwa kusema kweli, Kwa Vonza ndengu bado zinaota.

Naandika hapa dirishani na sasa gari la kukuchukua limeingia uani, limewahi kuliko tulivyotarajia. Dereva atalala kwetu mwondoke asubuhi. Mama yako anamkaribisha chai. Wewe umemsalimia kwa adabu, halafu nakuona unalizunguka gari, unainama, unachungulia chini. Ni kijana mwenye miwani mizuri, amejaa maringo; aina hiyo naijua vizuri, nilikuwa mmoja wao. Umemuuliza ni wapi alipokwama mara ya mwisho.

"Mimi?" amesema. "Mimi sijawahi kukwama."

Nawe umejifuta vumbi magotini, ukamwambia kwa upole kabisa, "Basi kesho nitaendesha mimi."

Baba yako,
Mutinda